Kwa Baiskeli Mpaka Milima ya Taita

Wasafiri wengi waendao kwa gari kutoka Voi kwenda Taveta huiona milima ya Taita upande wa kuume, huisifu kwa neno moja au mawili, kisha hurudi katika usingizi wao. Mimi nami nilikuwa mmoja wao, ijapokuwa nilizaliwa huko juu. Kazi yangu ni ukarani katika ofisi moja ya serikali mjini Voi, na kwa muda wa miaka sita nilikuwa nikipanda milimani kwa matatu, tena kwa ajili ya mazishi tu: nafika saa nne, nazika, nala, narudi. Mtu aendaye nyumbani kwa namna hiyo hawezi kusema kwamba ameiona nchi.

Mwezi wa Septemba shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alishuka Voi kwa baiskeli kununua mbegu na dawa za mboga. Yeye ni mkulima huko Werugha. Usiku, baada ya chakula, akaniambia, "Shemeji, Jumamosi narudi. Wewe una baiskeli inayokula vumbi barazani. Twende pamoja, tulale huko, nawe Jumapili urudi."

Nilikubali upesi kuliko alivyotazamia, lakini sababu yangu sikumwambia. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na karatasi za shamba la marehemu baba yangu, ekari moja na nusu, karibu na Werugha. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kupatana nami bei, na tulikuwa tumeagana kuonana Jumapili hiyo ili tutie sahihi mapatano, kisha mambo yapelekwe mbele ya Bodi ya Ardhi kama sheria ya mwaka 1967 inavyotaka. Fedha nilizihitaji kwa kununua kiwanja Voi. Mke wangu sikuwa nimemweleza. Nilijiambia kwamba nitamweleza fedha zikiisha kupatikana, maana fedha hueleza vizuri kuliko maneno.

KUFUNGA MIZIGO

Siku ya Ijumaa jioni tulifunga mizigo, na hapo ndipo nilipoanza kupata mafunzo. Mimi nilirundika vitu vyangu vyote juu ya keria: hema ndogo, blanketi, sufuria, mkoba, na viazi. Shemeji akatazama, akatikisa baiskeli kidogo kwa mkono mmoja, nayo ikaanguka.

"Mzigo wa juu ni mpanda farasi asiyejua kupanda," alisema. "Ukigeuka wewe, yeye hageuki."

Akavifungua vyote. Vile vizito akavigawa katika mifuko miwili iliyoning'inia chini, kila upande wa gurudumu la nyuma, uzito sawasawa. Blanketi akaliviringa na kulifunga mbele chini ya usukani. Juu ya keria aliacha hema peke yake, akaikaza kwa vipande vya tyubu kuukuu. Baiskeli yake ilikuwa ile nyeusi, nzito, isiyo na gia, ambayo watu wa Kenya huiita Black Mamba; yangu ilikuwa na gia nyingi, nami niliionea fahari. Mzigo wangu ulikuwa kama kilo 15, na wake ulizidi.

Jambo moja aliniambia ambalo sikulifuata. "Ijaribu breki yako ikiwa na mzigo." Nikamjibu kwamba fundi ameitengeneza juzi tu, nami nimemlipa. Hakusema zaidi.

NJIA YA TAMBARARE

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, kulipokwisha kupambazuka barabara. Tungaliweza kuondoka mapema ili kulikimbia jua, lakini nchi hii imezungukwa na Mbuga ya Tsavo, iliyowekwa mwaka 1948, na tembo huikata barabara wakati wa giza kana kwamba wao ndio walioijenga. Mwenye gari huweza kurudi nyuma. Mwenye baiskeli hana hila ila kungoja mchana.

Voi ni mji wa reli. Reli ya kwanza kutoka Mombasa ilipita hapa kabla ya mwaka 1900, na ile mpya ilianza kuchukua abiria mwaka 2017. Katika vita vya kwanza vya dunia Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea Taveta, ili wapeleke askari na chakula kupigana na Wajerumani waliokuwa Tanganyika. Barabara hufuatana na reli hiyo sehemu kubwa ya njia. Shemeji alinionyesha reli vichakani, akasema, "Vita vimekwisha, chuma kimebaki." Hapo Voi yako makaburi ya askari wa vita hivyo, yametunzwa vizuri.

Kutoka Voi mpaka Mwatate ni kama kilometa 25. Mtu wa gari atakuambia kwamba njia ni tambarare. Miguu yangu iliniambia habari nyingine, kwa kuwa barabara hupanda kidogo kidogo bila kujionyesha, na huko ndiko kupanda kunakochosha moyo: huoni mlima, lakini baiskeli inakataa kwenda. Ardhi ni nyekundu, miti ni ya miiba, na mibuyu michache imesimama kama wazee waliosahauliwa na wenzao. Kisha mashamba ya mkonge yakaanza, mistari iliyonyooka mpaka mwisho wa macho.

Nilikuwa mbele muda wote huo. Kila nilipotazama nyuma, nilimwona shemeji akija polepole, akikanyaga kwa kipimo kile kile kama mtu apigaye mashine ya kushona. Nilimhurumia kwa baiskeli yake isiyo na gia. Tulifika Mwatate saa tatu kasorobo, tukanywa chai kwa mihogo ya kuchemsha.

KUPANDA

Mwatate barabara ya Wundanyi huiacha ile ya Taveta na kuelekea milimani. Ni kama kilometa 15 za lami, na katika mwendo huo mtu hupanda mita 500 hivi. Karani hupenda kupiga hesabu: nilipiga, nikaona kwamba ni kama kupanda nyumba ya ghorofa 160 huku nikichukua mzigo wangu. Hesabu hiyo ingalikuwa heri nisingaliipiga.

Kona ya kwanza niliipanda kwa haraka. Ya pili nilibadili gia. Ya tatu gia zilikwisha, na pumzi pia. Nilishuka, nikaegemea usukani, macho yakiona nyota mchana. Shemeji akanifikia, naye alikuwa akisukuma baiskeli yake kwa miguu tangu kona ya kwanza, bila aibu yoyote, akiongea na watu wa njiani.

"Mlima haushindwi kwa hasira," akasema. "Pale unapopandika, panda. Pale usipopandika, tembea. Na ule kabla hujasikia njaa."

Akanipa ndizi mbili. Tangu hapo tulikwenda kwa mwendo wake, nami nikaanza kuona nchi. Chini tuliiona tambarare yote tuliyopita, kahawia na kimya, na Mlima Sagalla umesimama upande wa pili wa Voi. Hewa ilianza kubadilika. Miiba ilituacha, migomba ikaja, kisha miembe na miparachichi, kisha vijito vya maji kando ya njia.

Sababu ya mabadiliko hayo ni njema kuijua. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huvuka nyika yote zikiwa na unyevu wake, kwa kuwa hakuna kitu cha kuzizuia. Zinapoigonga milima hii hulazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na unyevu hugeuka mawingu na mvua. Kwa hiyo huku juu mvua ya mwaka hupita ile ya Voi karibu mara mbili au zaidi. Milima ya Taita ni mwanzo wa safu ya milima ya kale, inayokwenda kusini katika Tanzania kupitia Upare na Usambara mpaka Udzungwa. Katika safu hiyo yote, sehemu ya Kenya ni hii ya Taita peke yake.

Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alitusimamisha na kutuuliza tutokako. Tulipomwambia Voi, akacheka, akasema kwamba baba yake alikuwa akiishuka njia hiyo kwa miguu na kurudi siku ya pili, na mzigo kichwani. Nikaona haya kwa vile nilivyokuwa nikijisifu moyoni. Mwaka 1848 Johannes Rebmann wa misheni alipita nchi hii kwa miguu na watu wachache, akaenda mpaka akauona mlima wa Kilimanjaro na theluji yake. Mabwana wa Ulaya walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Wao walikuwa wamekaa vitini. Yeye alikuwa ametembea.

WUNDANYI NA BREKI YANGU

Tulifika Wundanyi saa sita na nusu. Mji huu mdogo umekaa kati ya vilele, nao kwa miaka mingi ulikuwa makao ya wilaya. Siku hiyo soko lilikuwa limejaa kabeji, sukumawiki, nyanya na karoti, na magari yakipakia mboga. Si mbali na mji kuna pango ambamo wazee wa zamani waliweka mafuvu ya jamaa zao. Desturi ilikuwa kumzika mtu, na baada ya muda kulitoa fuvu na kuliweka pangoni pamoja na ya wazee waliotangulia, ili ukoo usitawanyike hata katika kifo. Sisi tuliosomeshwa misheni tulifundishwa kuyapita mapango hayo kwa haraka. Siku hiyo nilikumbuka kwamba babu wa babu yangu hakupata kuwa na kaburi lenye jina, lakini alikuwa na mahali miongoni mwa watu wake.

Tulipumzika mpaka saa nane, kisha tukaishika njia ya Werugha. Njia ya milimani haipandi tu. Mara hushuka mpaka mtoni, ikapanda tena upande wa pili. Katika mteremko mmoja wa namna hiyo, wa changarawe, nilijiachia. Nilikuwa nimechoka kupanda, na upepo usoni ulikuwa mtamu. Shemeji alipiga kelele nyuma yangu, "Finya, achia! Finya, achia!" yaani nisiikamate breki mfululizo ikapata moto, bali niikamate kidogo na kuiachilia. Nilipoifinya ya nyuma, waya ukachomoka, na mkono wangu ukakutana na usukani bila kitu. Ya mbele niliogopa kuikaza kwa nguvu nisije nikapinduka. Chini niliona daraja jembamba, na mama mmoja akivuka na mtoto mgongoni.

Niligeuza usukani kuelekea ukingo wa udongo. Baiskeli ilipanda ukingo, ikaanguka, nami nikaanguka nayo. Kiwiko kilichunika na suruali ikapasuka goti. Yule mama alisimama, akanitazama, akasema "Pole, baba," akaenda zake. Nadhani hakujua jinsi alivyokuwa karibu.

Shemeji hakusema, "Nilikuambia." Aliosha kidonda kwa maji ya chupa, kisha akatoa koleo katika mfuko wake. Skrubu ya kushika waya haikuwa imekazwa. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Fundi alikuwa na kosa lake, lakini kosa kubwa lilikuwa la mwenye baiskeli aliyekataa kuijaribu. Ndugu msomaji, ukipakia mzigo, jaribu breki na mzigo huo kabla hujaondoka, tena ijaribu uwanjani, si mlimani.

MSITU NA MFEREJI

Werugha tuliifika saa kumi. Toka hapo si mbali mpaka msitu wa Ngangao, nasi tukauendea ukingoni. Ni msitu mdogo, kama hekta 120, lakini ni mmoja wa mabaki makubwa ya misitu ya asili iliyofunika milima hii. Ndani ni baridi na giza. Miti mirefu imevaa kuvu na mimea kama nguo. Wako ndege wa hapa Taita ambao hawapatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Wataalamu wanasema kwamba wamebaki wachache sana. Ukungu ulikuwa ukipita kati ya miti, na matone yalikuwa yakidondoka kutoka majanini ijapokuwa mvua haikunyesha. Shemeji akasema, "Hii ndiyo tangi yetu. Wengine huchonga tangi kwa bati. Yetu ilipandwa na Mungu."

Kutoka huko vijito hushuka, na kutoka vijitoni watu wamechimba mifereji tangu zamani. Kila shamba lina zamu yake ya maji, na kila mwenye shamba anapaswa kuzibua kipande cha mfereji kinachopita kwake. Kipande kimoja kikiziba, wote walio chini hukauka.

Tulipofika shamba la baba jua lilikuwa limeinama. Nyumba ilikuwa imeanguka upande mmoja. Matuta ambayo baba aliyajenga kwa mawe, moja juu ya jingine kama ngazi, mengine yalikuwa yamebomoka na udongo wake umeshuka. Magugu yalikuwa kiunoni. Nikajisemea kwamba afadhali liuzwe. Lakini niliposogea mfereji nikauona safi, umepaliwa pande zote mbili, na maji yakipita bila kizuizi.

Bibi mmoja aishiye chini ya shamba letu alikuja kutusalimu. Aliniita kwa jina la baba yangu, kisha akanishika mkono, akasema, "Mwambie mkeo asante kwa kaka yake. Miaka mitatu azibua mfereji wenu kila Jumamosi ya tatu. Asingalifanya hivyo, mimi nisingalikuwa na mboga." Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Na huyu anunuaye, yeye atazibua? Alikuja akipima kwa hatua. Nasikia ataka kupanda mikaratusi."

Nilitazama chini. Kumbe habari niliyoificha kwa mke wangu ilijulikana na kijiji kizima. Mkaratusi hunywa maji mengi, na shamba lile liko juu ya mfereji. Mtoto wa shule ya msingi angaliweza kumaliza hesabu hiyo.

Bibi alipokwenda, tulipiga hema karibu na ukuta wa nyumba, tukapika viazi. Baridi ilikuwa kali. Nilingoja shemeji aseme neno. Alikuwa amejua tangu Voi, na labda ndiyo sababu ya kunialika. Kwa siku nzima alikuwa amenifunza mizigo, mlima na breki, na juu ya shamba hakusema hata neno moja.

Mwishowe nikasema mimi, "Shemeji, ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Akasukuma kuni motoni. "Shamba ni la baba yako, si la baba yangu. Siwezi kukuzuia. Nilitaka tu uliuze ukiwa umeliona."

Nikamwuliza kwa nini amezibua mfereji wangu miaka mitatu bila kuniarifu. Akajibu, "Ningalikuarifu, ungalituma fedha. Fedha hazizibui mfereji."

KURUDI

Asubuhi ukungu uliondoka kwa muda mfupi, na kutoka penye mwinuko tuliuona Kilimanjaro upande wa magharibi, mweupe juu ya mawingu, kisha ukafunikwa tena. Saa nne nilionana na yule mnunuzi. Nilimwambia kwamba sitatia sahihi. Alikasirika, na alikuwa na haki, kwa kuwa nilikuwa nimempa neno langu, naye alikuwa amepoteza siku. Nilimwomba radhi, na nauli yake nikamrudishia. Si jambo la kujivunia mtu kulivunja neno lake, hata kama neno lenyewe halikuwa jema.

Nilishuka mpaka Voi peke yangu, nikifinya na kuachia. Njia iliyonichukua siku nzima kuipanda niliishuka kwa saa chache. Usiku nikamweleza mke wangu kila kitu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja tu: "Kiwiko kimekuwaje?"

Kiwanja Voi sijapata mpaka leo, na nyumba ya kupanga ina kodi kila mwezi. Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yamenyooka. Lakini kila Jumamosi ya tatu napanda milimani. Mara nyingine, kazi ikizidi, napanda kwa matatu. Nikiweza, napanda kwa baiskeli. Matuta matatu yamekwisha kusimama, na ukingoni mwake tumepanda nepia ili ishike udongo na kuwalisha ng'ombe wa shemeji. Mfereji nauzibua mwenyewe.

Kwa makarani wenzangu wenye mashamba waliyoachiwa na wazee, neno langu ni hili. Sisemi kwamba mtu asiuze kamwe. Yako mahitaji yasiyongoja. Lakini kabla hujauza, nenda ukalione, tena usiende kwa gari. Nenda kwa mwendo ambao watu wa njiani waweza kukusimamisha na kukuuliza utokako. Na kama unaye shemeji aendaye polepole, mwache atangulie.